Mapafu hayajitanui yenyewe: nani basi anavuta hewa, na kwa nini kuhema haraka hakusaidii?

Daftari_Wazi

Wakuu, naandaa somo la mfumo wa upumuaji kwa wanafunzi wa sekondari. Majina ya sehemu si tatizo: pua, koromeo, zoloto (kisanduku cha sauti), bomba la pumzi, bronkia (matawi yake), vifuko vya hewa, kila kitabu kinayo. Kinachokosekana ni maelezo ya namna vinavyofanya kazi.

Mapafu hayana misuli, sasa yanajazwaje? Puto halijijazi lenyewe mpaka mtu alipulize. Halafu mtu akihema mara mbili zaidi ya kawaida, mantiki inasema apate hewa mara mbili, lakini wagonjwa wanaotweta kwa pumzi fupi fupi ndio wanaoishiwa. Na la mwisho, kwa nini mwenye pumu hukwama zaidi kwenye kutoa pumzi kuliko kwenye kuvuta? Naomba majibu yenye vipimo. Kama kuna kifaa cha kuonyesha darasani kinachotengenezeka kwa vitu rahisi, nielekezeni pia.

Gegedu

Nianze na la kwanza, maana ndilo linaloharibu mengine. Wanafunzi wengi huamini hewa inaingia ndipo kifua kinatanuka. Ni kinyume chake: kifua hutanuka kwanza, hewa ikafuata.

Kazi kubwa hufanywa na kiwambo, msuli mpana uliokaa kama kuba chini ya mapafu, unaotenganisha kifua na tumbo. Kikijikaza, kuba hushuka. Mtu akiwa ametulia hushuka sentimita 1 hadi 2 tu. Akivuta pumzi kwa nguvu zake zote kinaweza kushuka hadi sentimita 10. Ndiyo sababu tumbo husogea mbele mtu anapovuta pumzi: matumbo yanasukumwa na kuba linaloshuka, wala hakuna hewa inayoingia tumboni. Wakati huohuo misuli iliyo baina ya mbavu huziinua mbavu juu na nje, kama mpini wa ndoo unavyoinuliwa kutoka ubavuni. Ujazo wa kifua ukiongezeka, kanieneo (msukumo wa hewa) ndani ya mapafu hushuka chini ya ile ya nje, na hewa huingia kuziba tofauti hiyo. Tofauti yenyewe ni ndogo mno: kwa mtu aliyekaa kimya ni kama sentimita 1 ya maji, yaani kanieneo ya safu ya maji yenye kimo hicho. Hiyo inatosha kuingiza nusu lita.

Sasa kwa nini pafu hufuata kifua bila kushikwa na kitu? Pafu limevikwa utando mwembamba, na ukuta wa kifua kwa ndani umevikwa utando kama huo. Tando hizi mbili, pleura, zimegusana, na kati yake kuna mililita chache tu za majimaji. Chukua vioo viwili, vilowanishe, vibandike: vitateleza kirahisi, lakini ukijaribu kuvibandua kwa kuvivuta utahangaika. Ndivyo pafu lilivyoshikamana na kifua.

Pafu kwa asili yake linataka kusinyaa, kwa sababu limejaa nyuzi nyumbufu. Ukuta wa kifua kwa asili yake unataka kufunguka. Vitu viwili vinavyovutana hivyo huacha kanieneo hasi katikati yake: karibu sentimita 5 za maji chini ya hewa ya nje mwishoni mwa kutoa pumzi, na karibu 8 mwishoni mwa kuvuta. Hewa ikipenya hapo, iwe kwa jeraha la kifuani au kwa uso wa pafu kupasuka, mshikamano huvunjika. Kifua kitaendelea kupanda na kushuka, lakini pafu la upande huo litakuwa limejikunja.

Kutoa pumzi ukiwa umetulia hakutumii msuli wowote. Kiwambo kinalegea, pafu linarudi lenyewe. Misuli ya tumbo huingia kazini unapokimbia, unapopuliza moto, unapokohoa.

Jambo moja la kuwaambia wanafunzi, maana hulisahau hata watu wazima: neva inayoendesha kiwambo haitoki kifuani, inatoka shingoni, kwenye neva za uti wa mgongo ya 3, ya 4 na ya 5 za shingo. Jeraha la uti wa mgongo juu ya hapo husimamisha kupumua. Jeraha la chini ya hapo, usawa wa kifua, huacha kiwambo kikifanya kazi, lakini mtu hupoteza nguvu ya kukohoa kwa kuwa misuli ya tumbo imekatiwa mawasiliano, na makohozi hubaki ndani.

Mizani

Nichukue la pili kwa hesabu, maana hapa maneno hayatoshi.

Hewa yote unayovuta haifiki mahali pa kubadilishana gesi. Bomba la pumzi lina urefu wa sentimita 10 hadi 12 na upana wa karibu sentimita 2. Likiingia kifuani hugawanyika mara mbili, kila tawi tena mara mbili, na kuendelea hivyo kwa takriban vizazi 23. Vizazi 16 hivi vya mwanzo ni njia tu. Kuta zake ni nene, hakuna oksijeni inayopita kwenda kwenye damu. Ukijumlisha ujazo wa pua, koo na mabomba hayo, mtu mzima ana karibu mililita 150 za hewa isiyofanya kazi katika kila pumzi. Hiyo huitwa nafasi mfu.

Pumzi ya kawaida ni mililita 500, mara 12 kwa dakika. Jumla lita 6. Toa nafasi mfu, 150 mara 12, inabaki mililita 4,200 zilizofika kwenye vifuko vya hewa.

Sasa mtu huyo aheme mara 24 kwa pumzi za mililita 250. Jumla ni lita 6 zilezile. Nafasi mfu ni 150 mara 24, yaani 3,600. Vifukoni zimefika 2,400 tu.

Akifika mara 40 kwa pumzi za mililita 150, jumla bado ni lita 6, lakini kwa hesabu hakuna tone jipya linalofika. Anasukuma hewa ileile juu na chini ndani ya mabomba. Kwa hali halisi kuna kuchanganyika kidogo, ila picha ni hiyo.

Na upande wa pili: pumzi 6 za lita moja kwa dakika hufikisha mililita 5,100. Jumla haijabadilika, kilichobadilika ni kina cha pumzi. Waandikie mistari hii minne ubaoni kabla ya maelezo yoyote, waache wakokotoe wenyewe.

Ukitaka kuwasukuma zaidi, waulize kwa nini mtu hawezi kupumua chini ya maji kwa mrija wa mita moja. Mrija wenye upana wa sentimita 2 na urefu wa mita 1 unabeba karibu mililita 314. Jumlisha na zile 150, umefika 464. Pumzi ya 500 inaleta mililita 36 mpya. Na hapo hatujagusa uzito wa maji unaokandamiza kifua. Wafanye kwa kalamu na karatasi tu, wasijaribu na mrija wa kweli.

Nesi_wa_Zamu

Marekebisho madogo kwa mleta mada, na ndiyo yanayojibu swali lako la tatu. Si kweli kwamba mapafu hayana misuli. Hayana misuli ya kuyatanua. Kuta za bronkia na vijibomba vidogo, bronkioli, zimezungukwa na misuli laini, ile isiyotii amri yako, na hiyo ndiyo inayojikaza kwenye pumu.

Bomba la pumzi na bronkia kubwa zina gegedu, tishu ngumu lakini inayopindika, za kuzishika zisibonyee. Bomba la pumzi lina pete 16 hadi 20 zenye umbo la herufi C, upande wa wazi ukiwa nyuma linapopakana na umio (njia ya chakula), ili tonge kubwa lipate nafasi ya kupita. Bronkioli hazina gegedu. Zinabaki wazi kwa sababu tishu ya pafu inayozizunguka inazivuta kutoka pande zote.

Mtu akivuta pumzi, pafu linatanuka na kuzivuta bronkioli zifunguke zaidi. Akitoa pumzi, mvuto unapungua na zinakuwa nyembamba. Hiyo hutokea kwa kila mtu. Kwa mwenye pumu kuna misuli iliyojikaza, utando wa ndani uliovimba na kamasi zito, vyote vikila upana uleule. Na upana ni kila kitu hapa: kwa mtiririko tulivu, bomba likipungua upana hadi nusu, upinzani huongezeka mara 16. Kwa hiyo hewa inaingia kwa taabu, kisha wakati wa kutoka njia inajifunga kabla pafu halijamaliza kujitoa. Akijikaza kusukuma kwa nguvu, kifua kinakandamiza na vijibomba vyenyewe, hali inazidi.

Hewa inayobaki hulimbikizana. Kifua kinavimba kama cha mtu aliyevuta pumzi na kusahau kuitoa, kiwambo kinasukumwa chini na kuwa bapa, na kiwambo bapa hakina tena pa kushukia. Huyo anachoka kwa haraka, kisha pumzi zinakuwa fupi, na hapo hesabu ya Mizani inaanza kumla.

Mluzi unaousikia kwa mwenye pumu akipumua ni hewa ikipita kwenye njia nyembamba. Tafadhali liandike hili kwa herufi kubwa kwenye somo lako: mluzi ukitoweka huku mgonjwa akizidi kuhangaika, hawezi kumaliza sentensi, amesinzia au midomo inageuka rangi, hiyo si nafuu. Hewa imekuwa kidogo kiasi cha kutotoa hata sauti. Anahitaji huduma ya dharura papo hapo.

Bwawa

Maelezo mazuri. Niongezee kwamba tunashindwa kubana pumzi muda mrefu kwa sababu oksijeni inakwisha, ndiyo maana anayetaka kupiga mbizi huhema haraka mara nyingi kwanza ili ajaze akiba ya oksijeni.

Mizani

Ndugu Bwawa, hapana, na hili lazima lisahihishwe kwa sababu limeua watu.

Kinachokulazimisha kuvuta pumzi, kwa sehemu kubwa, ni kabonidayoksaidi. Gesi hiyo ikiongezeka kwenye damu huifanya iwe na asidi zaidi, na kwenye shina la ubongo kuna seli zinazopima asidi hiyo. Hizo ndizo zinazopiga kelele kifuani unapobana pumzi. Vihisi vya oksijeni vipo, vikubwa viko kwenye mishipa ya shingoni pale mshipa mkuu unapogawanyika, lakini huanza kusukuma kwa nguvu pale tu kanieneo ya oksijeni kwenye damu ya ateri (itokayo moyoni kwenda mwilini) inaposhuka chini ya milimita 60 hivi za zebaki, kipimo cha kanieneo. Kawaida yake ni kati ya 80 na 100.

Sasa tazama kinachotokea kwa anayehema kwa nguvu kabla ya kupiga mbizi. Himoglobini yake, protini ya damu inayobeba oksijeni, tayari imejaa oksijeni kwa asilimia 97 au 98. Hata ahemeje, hawezi kuongeza cha maana. Anachofanya ni kufukuza kabonidayoksaidi. Anaingia majini akiwa na oksijeni ileile, lakini kengele ya hatari ameizima. Oksijeni inashuka, kabonidayoksaidi haijapanda kiasi cha kumlazimisha aibuke, anazimia bila onyo, na akizimia mwili unavuta pumzi ndani ya maji. Hutokea hata kwa waogeleaji hodari, hata kwenye maji ya kimo cha kiuno. Usifundishe mtu kuhema haraka kabla ya kupiga mbizi.

Kwa sababu hiyohiyo mtu mwenye hofu anayehema kwa pumzi kubwa za haraka husikia ganzi vidoleni na kuzunguzungu. Hajakosa oksijeni. Kabonidayoksaidi imeshuka mno, na mishipa ya damu ya ubongo hujibana inaposhuka. Anachohitaji ni kupunguza kasi na kurefusha kutoa pumzi.

Bwawa

Nimeelewa, asante kwa kunisahihisha. Nimefuta ujumbe kama huo niliokuwa nimeuweka kwenye uzi mwingine.

Daftari_Wazi

Hii ni zaidi ya nilichotarajia. Mwanafunzi lazima ataniuliza: oksijeni inavukaje kutoka hewani kwenda kwenye damu, na kwa nini gesi hizi mbili hazigongani njiani? Na kupaliwa je, mbona njia ya chakula na ya hewa zimepitishwa mahali pamoja?

Gegedu

Kwenye vifuko vya hewa hakuna pampu wala mlango. Kila gesi hutoka penye kanieneo yake kubwa kwenda penye ndogo, bila kujali mwenzake anaelekea wapi. Hewa ya nje usawa wa bahari ina oksijeni ya milimita 160 hivi za zebaki. Ikifika vifukoni, imeshachanganyika na mvuke wa maji na hewa iliyobaki ya pumzi iliyopita, imeshuka hadi karibu 100. Damu inayotoka mwilini inafika na oksijeni ya 40. Inavuka kutoka 100 kwenda 40. Kabonidayoksaidi inafika na 45 au 46 na kukuta 40 vifukoni. Tofauti yake ni ndogo sana, lakini gesi hii hupenya tishu kwa wepesi wa karibu mara 20 kuliko oksijeni, kwa hiyo inatosha.

Ukuta unaovukwa una unene wa karibu nusu ya elfu moja ya milimita, na mahali pengine ni mwembamba zaidi. Vifuko ni mamilioni 300 hadi 500, kila kimoja kikiwa na upana wa robo milimita hivi. Eneo lao lote likitandazwa ni kati ya mita za mraba 50 na 100. Seli nyekundu ya damu hupita kwenye kapilari (mshipa mwembamba sana) ya kifuko kwa robo tatu ya sekunde mtu akiwa ametulia, na hujaa oksijeni ndani ya theluthi ya kwanza ya safari hiyo. Theluthi mbili zilizobaki ni akiba. Ndiyo maana mtu mwenye ukuta ulionenepa kwa ugonjwa anaweza kuonekana mzima akiwa amekaa, lakini akipanda ngazi damu inapita haraka, akiba inaisha, oksijeni inashuka.

Kwenye nimonia tatizo ni tofauti: vifuko vimejaa majimaji na usaha. Damu inaendelea kupita pembeni yake lakini hakuna hewa ya kukutana nayo, inarudi moyoni kama ilivyokuja.

Oksijeni ikiingia kwenye damu, asilimia 98 na zaidi hushikwa na himoglobini. Gramu moja ya himoglobini hubeba mililita 1.34 hivi, kwa hiyo mtu mwenye gramu 15 katika kila mililita 100 za damu hubeba karibu mililita 20. Mwenye gramu 7 hubeba chini ya nusu yake, hata kama mapafu yake ni safi kabisa. Kipimo cha kidoleni kitamsomea asilimia 98, kwa sababu kinapima himoglobini iliyopo imejaa kiasi gani. Hakijui ipo kiasi gani. Kipimo hichohicho hudanganywa na kaboni monoksaidi ya jiko la mkaa lililowashwa chumbani: gesi hiyo hung'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kifaa cha kawaida huisoma kana kwamba ni oksijeni. Mtu anakufa huku namba ikisoma vizuri.

Kabonidayoksaidi kurudi haina gari moja. Karibu asilimia 70 husafiri ikiwa imegeuzwa bikaboneti, asilimia 20 na ushei imeshikwa na himoglobini, inayobaki imeyeyuka tu kwenye damu.

Kitu kingine ambacho vitabu hupita haraka: vifuko vimelowa kwa ndani, na maji hupenda kujikusanya. Mvutano wa uso wa maji peke yake ungevifunga vifuko vyote vidogo. Kinachozuia ni utando wa mafuta unaotengenezwa na seli maalumu za ukuta wa kifuko, safaktanti, ambao hulegeza mvutano huo kama sabuni inavyolegeza maji. Mtoto tumboni hajawa nayo ya kutosha hadi karibu wiki ya 35 ya mimba. Ndiyo sababu njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, huhema kwa shida saa za mwanzo: kila pumzi kwake ni kama ile ya kwanza ya kupuliza puto jipya.

Nesi_wa_Zamu

Kuhusu kupaliwa. Koromeo ni njia panda: hewa inatoka puani, nyuma, na kwenda kwenye bomba la pumzi lililo mbele, chakula kinatoka kinywani, mbele, na kwenda kwenye umio ulio nyuma. Njia lazima zipishane. Unapomeza, mambo matatu hutokea ndani ya sekunde moja: zoloto hupanda juu na mbele (weka kidole kooni umeze mate, utaisikia), kidakatonge, kifuniko cha zoloto, hulala juu ya mlango wake, na nyuzi za sauti hujifunga. Kupumua husimama kwa muda huo. Sasa, kuongea na kucheka kunahitaji nyuzi za sauti zipitishe hewa. Anayefanya hivyo tonge likiwa nyuma ya ulimi anaufungua mlango wakati mbaya.

Kilichoponyoka huelekea zaidi pafu la kulia, kwa kuwa bronkia ya kulia ni pana, fupi na imesimama wima kuliko ya kushoto. Upande wa kushoto moyo umechukua nafasi, pafu lina sehemu mbili badala ya tatu na bronkia yake imelala. Kwa hiyo mtoto anayekohoa wiki nzima bila homa, na mluzi unasikika upande mmoja tu wa kifua, afikiriwe kupaliwa na punje au kipande cha mwanasesere kabla ya kuitwa mwenye pumu.

Anayekohoa kwa sauti muache akohoe, hakuna kinachozidi kikohozi chake mwenyewe. Asiyeweza kuongea wala kukohoa: muinamishe, mpige kwa kitako cha kiganja katikati ya mabega mara 5, ikishindikana simama nyuma yake umsukume tumboni juu ya kitovu, ndani na juu, mara 5, ukibadilishana hivyo. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumboni, ini lake ni kubwa na laini; anasukumwa kifuani mara 5. Mjamzito pia ni kifuani. Usiingize kidole kooni kutafuta usichokiona, utakisukuma chini. Akipoteza fahamu, mlaze chini, anza kukandamiza kifua na mtu aite msaada.

Na kwa kuwa somo linahusu kasi ya kupumua, wafundishe kuhesabu ipasavyo. Dakika nzima kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 hakufai kwa mtoto, kwa sababu watoto wachanga hupumua kwa mafungu, haraka kisha wakatulia. Mtoto awe ametulia, hanyonyi, halii, fulana imeinuliwa ili tumbo lionekane. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani kwa mtoto mwenye kikohozi au taabu ya kupumua ni hivi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka, na rudia kuhesabu kuhakikisha, miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, 40 au zaidi. Tazama pia sehemu ya chini ya kifua. Ikibonyea ndani wakati anavuta pumzi, kiwambo kinavuta kwa nguvu kiasi kwamba mbavu laini za mtoto zinashindwa kustahimili. Huyo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Daftari_Wazi

Nimenakili yote. Kifaa cha darasani bado, wakuu.

Mizani

Chukua chupa ngumu ya plastiki ya lita 1.5 na ukate kitako chake. Toboa kifuniko tundu la upana wa mrija, pitisha mrija, na kwenye ncha ya ndani funga puto dogo kwa uzi kisha tepu. Ziba pembeni mwa mrija kwa udongo wa kufinyangia. Puto kubwa likate shingo, litandaze kwenye kitako kilichokatwa, lifunge kwa mpira na tepu kuzunguka. Puto la ndani ndilo pafu, la chini ndilo kiwambo. Vuta la chini, la ndani litajaa, liachie, litasinyaa.

Lisipojaa, kwanza shuku tundu la mrija. Jaribio: vuta kiwambo ukishikilie kwa sekunde 10. Puto la ndani likisinyaa polepole huku bado umeshikilia, chupa inavuja. Puto jipya ni gumu, lipulize mara tano sita kabla ya kulifunga. Chupa laini inabonyea ubavuni badala ya kuvuta hewa, tafuta yenye kuta nene. Mrija mwembamba sana huchelewesha kila kitu, ingawa huo unaweza kuuweka kando kwa ajili ya kuonyesha pumu.

Waambie pia mahali kifaa kinapodanganya. Chupani kuna nafasi kubwa ya hewa kati ya puto na ukuta. Mwilini ni mililita chache za majimaji. Ukuta wa chupa hausogei, mbavu zinasogea. Kiwambo cha chupa kinaanza bapa na kuvutwa chini, cha kweli kinaanza kikiwa kuba na kushuka kuelekea ubapa.

Mwisho, chukua msumari wa moto utoboe tundu lenye upana kama wa mrija ubavuni mwa chupa. Vuta kiwambo tena: puto halitajaa ipasavyo. Mwambie mwanafunzi azibe tundu kwa kidole, vuta, litajaa. Hilo ndilo jeraha la kifua alilolitaja Gegedu.